Kidole Gumba cha Sonara

Bi Mboni alipiga hodi nyumbani kwetu, Mtaa wa Mchikichi, mchana jua likiwa la utosi, na nilipouona uso wake nilitamani mlango wetu ungekuwa na meno. Mwanamke huyu alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya baraza yetu. Akitukuta kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, alitazama kisigino cha aliye mbele yake mpaka zamu yake ifike. Leo kasimama kizingitini, buibui limemganda mgongoni kwa jasho, pembe ya kanga kaifunga fundo.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikasema, maana mdomo una adabu zake hata moyo ukikataa. "Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba, Sabaha. Hamjambo, mwanangu?"

Mwanangu, eti. Baba yangu, Mzee Mwinyimvua, alikuwa ukumbini kwenye kiti chake cha kamba, uso kauelekeza mlangoni. Macho yake hayaoni, lakini masikio ni mazima, na sauti ile aliisikia. Akangoja asalimiwe. Bi Mboni alimpita kama watu wanavyolipita gunia la mkaa, akanifuata uani kwenye meza yangu ya kazi. Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni.

Niseme chanzo chake, maana asiyejua chanzo ataniona mimi ndiye mchawi.

Baba alikuwa sonara, na si sonara wa mikufu na bangili tu. Alikuwa fundi wa mawe. Ujuzi aliutoa Unguja, akaja nao Kariakoo, na wanawake wa hapa na wa Ilala walivaa pete zake harusini na misibani. Bi Mboni alirithi kwa mama yake yakuti nyekundu, kubwa kama punje ya kunde, jiwe lililotoka Kilwa na bibi wa bibi yake. Baba ndiye aliyeifulia pete ya dhahabu na kulifunga jiwe lile mbele ya macho ya mwenyewe. Mume wa Bi Mboni ni Zahoro, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Bila barua ya Zahoro huandikishwi duka la kaya kwa mgawo, hulazi mgeni, huzimi wala huwashi. Hivyo kila mtu alimchekea, na baba pia.

Idi moja pete ile ililetwa kwa baba isuguliwe. Ikakaa dukani siku nzima, jioni Zahoro akaja kuichukua mwenyewe. Idi ikapita. Kisha Zahoro akatokea barazani kwetu na kundi la watu nyuma yake, pete kaishika juu, anapiga kelele kwamba Mwinyimvua kaiba yakuti na kaweka kipande cha chupa. Alitoa tupa mfukoni, akalipiga jiwe mstari, na mstari ukaonekana. Yakuti ya kweli hailiwi na tupa, hilo hata muuza mchicha analijua. Baba alinyoosha mkono akasema, "Nipe niishike." Zahoro akacheka. "Uishike tena? Mara ya kwanza uliishika ikawa chupa."

Hakupewa. Ikasomwa halbadiri pale msikitini, ile dua nzito ya kumwapiza mwizi, kwamba aliyelichukua jiwe Mungu amwonyeshe. Baba alikaa mkekani akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Zahoro hakuwepo, alipata safari ya ghafla ya kwenda Lindi. Haukupita muda mrefu macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa wa kawaida, na tumechelewa. Mtaa haukumsikiliza daktari. Mtaa ulisema halbadiri imemfika.

Tangu hapo hakuna aliyemwamkia. Wateja walikwisha, duka likafungwa, meza ya kazi nikaihamishia uani. Mimi nilijifunza ufundi tangu nikiwa mdogo nikimshikia koleo, kwa hiyo nikaendelea na fedha na kazi za kurekebisha, wateja wangu wakiwa watu wa Buguruni na Temeke wasiozijua habari zetu. Na kila nilipomwona Zahoro amekaa na kofia yake ya kiua akigawa barua, nilisema moyoni: mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa mke wake alifungua fundo la kanga akaiweka pete ile ile mezani pangu.

"Binti yangu anaolewa," akasema. "Nataka niivae pete ya mama, lakini kioo hiki sikitaki tena. Dada yangu kanipa jiwe hili la migodi ya Umba. Si yakuti, ila ni jiwe. Toa kioo, weka hili. Ijumaa baada ya alasiri tuna dua nyumbani, na watu wa upande wa bwana harusi watakuwepo."

"Kwa nini mimi, Bi Mboni?"

Hakuzunguka. "Masonara wote wamefunga." Ilikuwa kweli. Ulikuwa ule mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na mtu yeyote mwenye kipande cha dhahabu alikuwa kakifukia au kakitupa chooni. "Na kazi yako," akaongeza, akitazama pembeni, "wanaisifu."

"Kwetu jiwe halifungwi mwenyewe hayupo," nikamwambia. Ndiyo kanuni ya baba, na sikuiacha.

"Basi Ijumaa njoo na vyombo vyako, ulifungie kwangu."

Akaondoka. Akampita tena baba bila neno. Nilibaki na pete kiganjani, na sitaficha, nilifurahi. Mungu kaniletea shingo yao mpaka mezani.

Jiwe lenye mgongo wa mviringo halifungwi kwa kucha za waya kama almasi za mjini. Unalijengea kikombe. Unakata utepe mwembamba wa dhahabu, unauzungusha kiunoni mwa jiwe, unauunga kwa lehemu, unaukalisha juu ya pete. Ndani unachonga ukingo mdogo ambao jiwe litaukalia. Kisha jiwe linaingia, na mdomo wa kikombe unausukuma taratibu ulilalie jiwe mabegani. Ukifanya vizuri, jiwe litakaa mpaka mjukuu azikwe. Ukifanya vibaya kwa makusudi, mwenye pete hatajua mpaka limtoke.

Na mimi nilijua namna ya kufanya vibaya. Nitachonga kikalio kiwe kombo, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Nitausugua mdomo kwa ndani uwe mwembamba kama karatasi ya sigara. Ijumaa nitausukuma mbele yao ung'ae, watasema mashaallah. Siku ya harusi Bi Mboni atatia mkono kwenye pilau, atanawa, na jiwe la dada yake litaingia kwenye beseni la maji machafu mbele ya wakwe. Atalia. Zahoro atainama kuchakura makombo. Nilikuwa nawaona wote wawili, na nikacheka.

"Sabaha," baba akaita kutoka ukumbini. "Unacheka na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Mtu anayecheka peke yake kwenye meza ya sonara anaharibu mali ya mtu. Lete hiyo uliyoshika."

Nilitaka kumdanganya. Lakini baba alishanyoosha mkono, ule ule alioutoa barazani siku ile, na sikuweza kuurudisha mtupu mara ya pili. Nikampa.

Aliipima kiganjani kwanza. Akatabasamu. "Hii niliifua mimi," akasema. "Ya Bi Mboni." Kisha akaushika mdomo wa kikombe kwa kidole gumba na kuuzungusha polepole, kama mtu anayesoma tasbihi. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikaja tena, kikasimama pale pale. Tabasamu likamtoka.

"Nani kafunga jiwe hili?"

"Si wewe, baba?"

"Njoo uguse."

Nikapitisha ukucha. Ulikuwa laini, laini, laini, halafu kwenye pembe ya chini ukucha ukakwama juu ya uvimbe mdogo mgumu. Jicho lilikuwa halioni kitu, mtu kapasugua pakang'aa. Ukucha ndio ulioona.

Baba alinifundisha kufunga jiwe kabla sijajua kupika wali. Unaanza upande mmoja, tuseme kibla. Unasukuma kidogo tu. Hapo hapo unaruka upande wa pili, kisogo cha kibla, unasukuma kidogo. Kisha kulia, kisha kushoto. Kisha katikati ya hizo, kila mara upande unaotazamana na uliotoka. Mdomo wa dhahabu ni mpana kuliko mahali unapotaka ulale, kwa hiyo lazima uipunguze dhahabu kila upande sawasawa. Fundi mwenye haraka huzunguka tu kama anayefunga kitambaa kwenye kopo. Dhahabu inakimbia mbele ya chuma chake, inakimbia, na mwisho wa duara inakosa pa kwenda. Inajikunja. Hilo kunjo hulitoi tena, unaweza kulificha tu.

"Sijapata kuacha kunjo kwenye jiwe la mtu," baba akasema. "Hata nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu wangu angenichapa." Kidole bado kilikuwa pale. "Na limelalia kulia. Aliyefunga alikuwa anazunguka kinyume. Ni mtu wa mkono wa shoto, Sabaha. Mtaa ule kulikuwa na sonara mmoja tu wa shoto."

"Vasant," nikasema.

Vasant alikuwa jirani yetu wa duka, fundi wa mikufu. Alikuwa akinywa chai na baba kila asubuhi, wakitaniana kwamba yeye anafunga jiwe kama anafunga mzigo wa sokoni.

Baba hakulia. Alitukana. Sijawahi kumsikia akitukana kabla ya siku ile, akatukana tusi refu la pwani mpaka nikaangalia kama majirani wako dirishani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ningeishika mara moja tu. Siku ile ile ningejua."

Nikamweleza mpango wangu wa beseni. Nilidhani atanigombeza, nikangoja mawaidha. Baba alitikisa kichwa.

"Huo mdogo," akasema. "Utamwaibisha mwanamke kwa dakika moja, na watu watasema binti wa mwizi naye mwizi. Mimi namtaka Zahoro, mbele ya watu wale wale. Usiifungue hiyo pete. Usiiguse hata kwa msasa. Kesho nenda Upanga."

Nilimpenda baba yangu siku zote, lakini sidhani kama nilipata kumpenda kama pale.

Vasant alihamia Upanga baada ya kufunga duka, ghorofa ya pili, nguo zinaning'inia kwenye varanda. Mkewe, mama Anjana, alinifungulia, akanitazama kidogo kisha akanijua, akanivuta ndani. Vasant alikuwa kitini na magazeti. Kazeeka, shingo imekuwa ya kuku.

"Shikamoo, mjomba Vasant."

Badala ya marahaba akauliza, "Mwinyimvua kafa?"

"Hajafa. Kaishika pete ya Bi Mboni."

Mkono wake wa kushoto ulianza kuchezea ukingo wa gazeti. Mama Anjana alileta chai ya iliki, akaketi nayo mapajani bila kuimimina.

"Zahoro alikuja kwangu jioni ile alipoichukua pete kwa baba yako, na kioo mfukoni," Vasant akasema. "Alisema mkewe ana safari, anaogopa wezi wa njiani, basi yakuti ibaki na kioo kisafiri. Watu wengi walifanya hivyo. Nikatoa, nikaweka, nikampa jiwe lake mkononi. Mawe si kazi yangu, lakini mjumbe ukimwambia hapana leo, kesho utamwambia nini?"

"Na siku aliyomtangaza baba mwizi?"

"Nilikuwa mlangoni kwangu. Alinitazama. Alikuwa anajua nilipochimbia dhahabu yangu." Akavuta pumzi. "Nikafunga mlango."

Wakati ule nilimchukia kuliko Zahoro mwenyewe. Zahoro hakuwa akinywa chai na baba. Nikamwambia aje Ijumaa alasiri aseme maneno hayo hayo. Akasema siku hizi neno moja tu, mhujumu, na mtu yuko ndani.

"Baba kakaa ndani miaka yote hii bila kosa," nikamjibu. "Usipokuja, nitamleta hapa kila siku nimkalishe kwenye ngazi zako, na kila anayepanda nitamweleza kwa nini."

"Atakuja," mama Anjana akasema. "Kila Diwali ananisimulia habari hiyo hiyo, na mimi nimechoka kuisikia. Mwache akawasimulie wengine."

Ijumaa nilimvika baba kanzu yake nyeupe, nikamshika mkono, tukakata kona mpaka Mtaa wa Sikukuu. Ua wa Zahoro ulikuwa umetandikwa majamvi, ubani unafuka, wanaume upande mmoja na sheikh katikati yao, wanawake upande wa pili na sinia za visheti. Tulipoingia maneno yalikatika. Watu wakavuta miguu yao kama vile upofu unaambukiza.

Zahoro alisimama. "Sabaha, umeleta pete, vizuri sana," akasema kwa ile sauti yake ya mikutano. "Lakini mzee ungemwacha akapumzika."

"Nilimwambia Sabaha aje alifungie jiwe hapa," Bi Mboni akasema, hajui ameshika upande gani.

Nikaketi karibu na wanawake, nikapanga vyombo vyangu juu ya ubao: lakiri ya kushikia pete, kisu kidogo cha kufungulia mdomo, na kisukumio changu, chuma kifupi chenye mpini wa mti unaokaa kiganjani. Baba hakuketi.

"Kabla jiwe halijatolewa," akasema, "nina ombi kwa kina mama. Nani hapa kavaa pete niliyoitengeneza mimi?"

Nilikuwa naziona pete zake pale nilipo, kwenye vidole vilivyokuwa vikichezea kanga. Walimtenga fundi, pete hawakuzivua. Kisha bibi mmoja mnene wa Ilala, wa upande wa bwana harusi, ambaye hakuwa na habari na ugomvi wetu, akainua mkono. "Mimi ninayo, Mzee Mwinyimvua. Feruzi. Ulinitengenezea nikiwa mwari." Akafuata mwingine. Kisha wengine, mmoja baada ya mmoja, shingo upande.

"Pitisheni ukucha kwenye mdomo unaoshika jiwe. Zungusheni mpaka mrudi mlipoanza."

Uani pale wanawake wote wakainamia vidole vyao. Wanaume walitazamana.

"Kuna mtu ukucha umemkwama?"

"Hakuna," bibi wa Ilala akasema. "Laini kama yai."

"Sabaha, mpe Bi Mboni yake."

Nikampa. Bi Mboni akapitisha ukucha, akasimama. Akapitisha tena. Akampa jirani yake, na yule naye akasimama pale pale, akampa wa tatu. Pete ikazunguka upande wote wa wanawake, na kila ilipofika nilisikia mtu akishusha pumzi. Baba akawaeleza kunjo ni nini na linatokea vipi. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mikono yenu imevaa kazi yangu miaka yote hii," akasema. "Hiyo ya Bi Mboni kaifunga mtu mwingine, baada yangu."

Zahoro akacheka. "Mzee, huu sasa ni utoto. Nihukumiwe mimi kwa sababu ya kijikunjo?"

"Nani kakutaja?" baba akauliza.

Minong'ono ikaanza. Hapo ndipo Vasant alipoingia kutoka barazani, kofia mkononi, mkewe nyuma yake kama askari. Alisema yote: kioo mfukoni, safari ya uongo, yakuti mkononi mwa Zahoro. Alisema pia habari ya kufunga mlango.

"Mnamsikiliza huyu?" Zahoro alikuwa amepandisha mabega. "Mtu anayeficha dhahabu wakati wananchi wanapanga foleni ya sabuni? Kesho nampeleka mwenyewe."

Nikaona baadhi ya wanaume wakitazama chini. Walimwogopa bado. Barua zao ziko kwake, na neno la Vasant dhidi ya neno la mjumbe, mwaka ule, lilikuwa jepesi kama pamba. Nikashika kisukumio kwa nguvu mpaka kiganja kikaniuma.

"Sawa," baba akasema. "Neno la Vasant tuliweke kando, na la mjumbe tuliweke kando. Sheikh yupo, mkeka upo. Isomwe halbadiri. Ile ya kwanza nilikaa peke yangu, Zahoro alikuwa safarini. Leo tukae wote watatu." Akapapasa jamvi kwa mguu, akashuka, akaketi.

Vasant alivua viatu. "Mimi dini yangu nyingine," akasema, "lakini Mungu akinitaka anajua ninapokaa." Akaketi kando ya baba, magoti yakilia.

Sheikh hakupenda. Alisema halbadiri si jambo la mchezo, inaweza kumrudia hata aliyeiomba. Kisha akamtazama mwenye nyumba, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. "Mjumbe, uko radhi?"

Zahoro aliutazama mkeka. Pale uani yeye kuliko wote alijua tangu mwanzo kwamba macho ya baba hayakupofuliwa na dua, maana mwizi alikuwa yeye mwenyewe. Na bado midomo ilimcheza. Nikafahamu kwamba tangu baba aanze kupapasa kuta, Zahoro alikuwa akiamka kila asubuhi na kujaribu macho yake mwenyewe. Nilifurahi kulijua hilo. Mpaka leo nikilikumbuka nafurahi.

"Nina kikao ofisi ya tawi," akasema.

"Ijumaa hii, na dua ya harusi ya bintiyo?" akauliza mzee mmoja wa upande wa bwana harusi.

"Kikao cha dharura." Akatafuta viatu vyake mlangoni, akavaa kimoja cha mtu mwingine, akakivua. Bi Mboni alimfuata mpaka kizingitini.

"Liko wapi jiwe la mama yangu?" akamuuliza.

Zahoro alitoka. Hakuna aliyemzuia wala aliyemsindikiza, na kwa watu wetu mtu akiukimbia mkeka wa halbadiri hakuna tena haja ya kuisoma.

Bi Mboni alirudi akaketi mbele yangu. "Fungua," akasema. Nikauinua mdomo wa kikombe kwa kisu, nikaanzia kwenye kunjo. Kioo kikadondoka juu ya jamvi, chekundu, cha bei ya peremende. Nikalishika jiwe la Umba.

"Niweke la dada yako?"

"Hapana. Iache tupu." Aliivaa hivyo hivyo, kikombe kitupu kama fizi. "Nitaivaa hivi harusini. Atakayeniuliza jiwe liko wapi, nitamwelekeza kwa mume wangu."

Na aliivaa. Harusini Zahoro alikaa kwenye kona ya wanaume na kila mgeni aliyetoka kumpa mkono mkewe aligeuka kumtafuta yeye kwa macho. Haukupita mwezi akajiuzulu ujumbe, akaenda kuishi kwa nduguye Buguruni, na yakuti haikuonekana tena. Lakini nimeitangulia hadithi.

Kabla hatujaondoka siku ile, Bi Mboni alipiga magoti mbele ya baba, akamshika mkono. "Nisamehe, Mzee Mwinyimvua."

"Mkono huu niliunyoosha siku ile, Bi Mboni," baba akasema. "Ulikuwa umesimama karibu." Akauvuta taratibu, akaniita twende nyumbani.

Jumamosi asubuhi, nilipofungua mlango, baraza ilikuwa imejaa. Majirani wote wale. Mmoja kaleta visheti, mwingine kaleta sukari kwenye karatasi, na mwaka ule mtu hakutoa sukari ovyo. Walikuwa wamevaa nguo zao za Ijumaa. Nikamleta baba, nikamkalisha kwenye kiti chake, safari hii nje, mahali alipokuwa akikaa zamani.

"Shikamoo, Mzee Mwinyimvua," wakasema karibu kwa pamoja.

Baba hakuitikia. Walingoja. Kuna aliyekohoa. Wakarudia, kwa sauti zaidi, "Shikamoo, mzee." Mtu mzima akiamkiwa akanyamaza, aliyemwamkia hana pa kuweka uso wake, na pale nyuso zilikuwa nyingi. Mimi niliegemea mlango nikawatazama wakihangaika. Sikuwasaidia.

"Sabaha," baba akasema. "Kina nani hawa?"

"Majirani zako, baba."

"Siwajui. Mimi siku hizi nawajua watu kwa sauti, na hawa hawajanisalimu tangu nilipopofuka. Sauti zao ningezijulia wapi? Wapange mmoja mmoja, waseme majina yao."

Nikawapanga foleni, wazee kwa vijana, kuanzia barazani mpaka karibu na bomba la maji. Wa kwanza alikuwa muuza mkaa wa nyumba ya pili, tuliyekuwa tukigawana naye ukuta.

"Ni mimi, mzee. Nassibu."

"Nassibu gani?"

"Nassibu, jirani yako."

"Sikusikia," baba akasema. "Rudia."